Bei ya Herufi

Herufi moja ni shilingi arobaini.
Nukta ni bure; nukta sijamdai mtu tangu nianze.
Ndivyo nilivyomjibu aliyesimama mlangoni,
Barabara ya Kirinyaga, saa mbili na robo asubuhi,
mota ya kinu imemlalia begani kama mtoto mwenye homa,
harufu ya vanishi iliyoungua imemtangulia ndani.

“Andika SYOKAU, FUNDI MOTA.”
Nikahesabu kwa vidole: kumi na tano. Mia sita.
Akaniachia mia tatu zenye masizi,
akaenda zake kusuka.

Ndiyo, kusuka. Shaba nayo husukwa,
uzi juu ya uzi, mzunguko baada ya mzunguko,
na ukikosea mmoja
utaambiwa na moshi.

Nilikuwa nimeshapiga mistari ya chaki
Obonyo wa mikanda alipochungulia.
“Mbona hujaongeza WA KIKE?
Mteja akifika akakuta mwanamke, si atashtuka?”

Nami, kwa kuwa ubao ulikuwa na nafasi,
na nafasi tupu hunikosesha raha,
nikaandika kwa chaki: WA KIKE.

Lugha haikuniomba hayo.
Anakuja, anachelewa, anadai chenji yake:
hiyo a- haina suruali wala rinda,
inaingia mlangoni na kazi yake mkononi.
Sisi ndio tunaoikimbilia na nguo.

Kwenye chama chetu Gathua alikuwa cheamani.
Akaja Wanjugu, tukamwita chealedi.
Mhuri ukachongwa upya, pesa zikatoka,
tukabishana hadi chai ikashika utando,
na MWENYEKITI limekaa pale pale kwenye katiba, ukurasa wa pili,
neno ambalo halijawahi kuinama
kuchungulia nani amekalia kiti.

Halafu yuko Lemeiyan, wa zahanati ya Huruma.
Aliagiza neno moja: MKUNGA.
Nikamwongezea WA KIUME, kwa hisani,
sikumtoza hata senti.
Alikitazama kibao
kama mtu aliyepewa koti la marehemu,
akasema asante,
akakibeba kimegeuzwa, maandishi upande wa kifua.
Siku hiyo sikuelewa.
Nilidhani ni upepo.

Saa kumi Syokau akarudi na mia tatu zilizobaki.
Akasoma ubao. Akasoma tena, midomo ikihesabu.
“Hizi sita, nani analipa?”
Nikamwambia ni zawadi.
“Zawadi ya mia mbili na arobaini,” akasema,
“na mimi ndiye nitakayeibeba kila siku?”
Akalamba kidole gumba,
kile chenye kovu la koleo,
akafuta K, akafuta I,
akaniachia nimalizie mwenyewe.

Nikamalizia.
Ile nafasi nikaichora radi ya manjano,
na radi sikuitoza.

Wiki mbili baadaye akasimama mbele ya duka langu
mwenye kinu mmoja kutoka Mwiki, jasho linamtiririka.
“Huyo Syokau unamjua?”
Namjua.
“Nimekuja Jumatatu, kaniambia kesho.
Jumanne, kesho. Jana kaniambia waya umeisha, kesho.
Watu wa ploti wanakula mkate, mimi nimekaa na mahindi!
Fundi gani huyu?”

Nikaweka brashi chini.
Nilitaka kucheka, nikajizuia, ana mahindi yake yule.
Lakini alikuwa amelisema lote,
kwa hasira ile ile tunayowapa mafundi wote wa mji huu,
wa viatu, wa mabomba, wa saa,
wala hakuongeza neno nyuma yake.

Kesho yake mota ilikuwa tayari.
Kesho yake ya pili, yaani.

Lemeiyan sijampata kwa simu.
Nina rangi nyeupe nusu kopo,
na herufi saba za kumfutia.